Mwani wa mama unapauka, bwana samaki (afisa wa uvuvi) anataka ahamie maji marefu. Nimwambie nini?

Mwalimu_Jambiani
Jumapili, 16 Februari 2025, saa 3:10 usiku

Assalaam alaykum jamaa.

Mie nasomesha fizikia skuli moja ya mjini, ila kwetu ni Jambiani, na mama yangu analima mwani tangu sijazaliwa. Alianza 1990, mwaka mmoja tu baada ya kilimo hicho kuingia Paje na Jambiani kwa mbegu za kutoka Ufilipino. Daftari zangu, bati la nyumba, kitanda nilichoozwa nacho, vyote vimetoka kwenye kamba za mwani. Nasema haya mapema ili asije mtu akanambia "mwambie aache, afanye biashara nyengine". Ameshafanya. Aliuza mandazi, akauza sabuni, na kila bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likifika anajitwisha vijiti vyake anarudi pwani.

Sasa suala lenyewe. Kaskazi hii, msimu huu wa joto, mwani wake unakufa. Mwenyewe anasema "umeota mvi", na kweli ukiuona utacheka kwanza kabla hujahuzunika. Tawi linaanza kupoteza rangi katikati, si kwenye ncha. Linakuwa jeupe, laini kama tambi zilizosahauliwa sufuriani, ukiligusa linakukatikia mkononi. Kile kipande cha juu ambacho bado kizima, chenye rangi yake nzuri, kinaanguka mchangani na samaki aina ya chafi wanakuja kukila mbele ya macho yako. Kati ya kamba 40 alizofunga mwisho wa Disemba, jana nimehesabu 23 ambazo hazina hata tawi moja la kufaa mbegu. Na hii ni spinosamu, ule mwani unaosifiwa kuwa sugu.

Kwa kuwa mwalimu ni mwalimu hata siku ya mapumziko, nilichukua kipimajoto cha maabara, kile cha kioo, nikakifunga kwa taitai, ule uzi wa kufungia mwani, kwenye mpini wa fagio nikaingia nacho majini. Watoto wa jirani wakanifuata wakidhani natafuta pweza. Jumamosi ya tarehe 1 Februari, saa tano na nusu: dimbwi la karibu na ufukwe nyuzi 36. Kamba za katikati, nyuzi 34. Ukingoni mwa mkondo, huko maji yanapofika kifuani, nyuzi 30 na nusu. Jana nimerudia: 35, 33, 30.

Wa pwani mnajua, wa bara niwaeleze. Hapa Unguja siku za bamvua maji hukupwa kuanzia kama saa nne asubuhi, na siku zinazofuata huchelewa hadi kuelekea saa sita na zaidi. Yaani bahari inatuachia ufukwe wakati ule ule jua linapopanda utosini. Mwani uliofungwa karibu unabaki kwenye maji yasiyofika magotini, saa mbili tatu, ukichemka taratibu. Ndiyo maana nikisikia kwenye habari joto la bahari limepanda nukta kadhaa, mie hainishtui kama inavyonishtua namba ya dimbwi la mama. Hizo nukta zinapandia juu ya joto ambalo tayari lilikuwa limefika ukomo.

Na habari zenyewe ndizo zilizonitia hamu ya kuandika. Tarehe 10 Januari Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kuwa 2024 ndio mwaka uliokuwa na joto kuliko yote iliyowahi kupimwa, nyuzi 1.55 zaidi ya ilivyokuwa kabla ya enzi za viwanda. Siku kumi baadaye rais wa Marekani akaapishwa, na siku hiyo hiyo akasaini kuitoa nchi yake kwenye Mkataba wa Paris wa tabianchi, mara ya pili. Hii ya pili niliisikia kwenye redio ya daladala nikienda kazini. Abiria wa mbele yangu, baba mtu mzima, akasema: "Hiyo haituhusu, sie hatuna viwanda." Watu wakacheka. Nami nilicheka, nikashuka Mwanakwerekwe na zile namba nilizokuwa sijazipima bado.

Wiki iliyopita bwana samaki alikuja, akatukutanisha kwa sheha. Maneno yalikuwa mazuri: uchumi wa buluu, mabadiliko ya tabianchi, kina mama wasiachwe nyuma. Mwisho wa maneno kukawa na karatasi. Kikundi cha watu kumi kinakopeshwa boti ya faiba, mashine, kamba na neti, kiende kulima kotonii, aina nyengine ya mwani, kwenye maji marefu ambako hakuna joto kali. Majina yatakiwa kabla ya Ramadhani, yaani zimebaki wiki mbili.

Mama hajui kuogelea. Wenzake tisa waliotajwa, anayejua ni mmoja, na huyo anajua kwa sababu baba yake alikuwa mvuvi na hakujaaliwa mtoto wa kiume. Halafu hiyo kotonii mama anaijua, aliilima hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilipoanza kumfia kila msimu. Akaambiwa ahamie spinosamu, bei ndogo lakini haifi. Sasa hii nayo inakufa, anaambiwa arudi kwa kotonii. Jana tukila chai akanambia, "Kotonii mie nilishamzika, naambiwa nikamfukue kwa mkopo."

Nauliza: ni kweli joto ndilo linalouwa, au mie na fagio langu tunajidanganya? Kuna aliyewahi kulima maji marefu akaona faida? Na karatasi ya mkopo asaini au asisaini? Naomba jibu la mtu aliyeingia majini, si la mtu aliyeingia ukumbini.

---

KiteHuruPaje
Jumapili, saa 3:42 usiku

Mwalimu mbona unakwenda mbali hadi Marekani? Angalia nyuma yako. Hoteli ngapi zimeota hapo Jambiani tangu wewe umalize skuli? Maji ya vyoo na ya mabwawa ya kuogelea yanakwenda wapi? Halafu wale watalii wanaoteleza baharini kwa vishada wanakatisha kamba za kina mama kila siku. Joto, joto, joto. Joto halina mwanasheria ndio maana kila kitu anasingiziwa yeye.

---

Kijana_wa_Buyu
Jumapili, saa 5:05 usiku

Mwalimu, hongera kwa fagio. Mie nasomea mambo ya bahari pale Buyu, kwenye Taasisi ya Sayansi za Bahari, na nimeingia majini kwa hiyo nadhani nimepita kwenye usaili wako. Nitakukosoa mahali pamoja halafu nikuunge mkono pengine.

Kipimajoto cha kioo ukikitoa majini ukasoma juani, kinakudanganya ndani ya sekunde chache, ama kinapanda kwa jua au kinashuka kwa upepo. Kisome ncha yake ya chini ikiwa bado majini, jifanyie kivuli kwa mwili wako. Halafu pima na alfajiri. Dimbwi lililokuwa nyuzi 27 alfajiri likafika 35 mchana linautesa mwani kuliko maji yaliyokaa 31 siku nzima. Mwani huu unapenda nyuzi 25 hadi 30. Hasa kotonii haipendi kurushwarushwa.

Sasa hiyo "mvi" ya mama. Watafiti wanaiita aisi-aisi kwa sababu tawi linafanana na barafu. Watu wengi wanadhani ni mdudu ameingia kutoka mahali. Kinachotangulia ni dhiki: joto, jua kali kwenye maji mafupi, au mvua kubwa za masika zinapopunguza chumvi. Mwani ukishachoka, vijidudu ambavyo vilikuwepo siku zote ndipo vinapata mlango. Ni kama mtu aliyeshinda na njaa wiki nzima akashikwa na mafua. Kwa hiyo KiteHuru hajakosea kabisa, maji machafu ya rutuba nyingi yanaleta magugu ya baharini yanayojizonga kwenye kamba na kuzidisha dhiki. Lakini mwani umekufa pia sehemu za Pemba ambako hakuna hoteli hata ya kuhadithia.

Kuna jambo la tatu ambalo halisemwi mikutanoni. Mwani haupandwi kwa mbegu ya kuota, unakatwa tawi unafungwa tena. Mama yako alipoanza 1990 alipewa vitawi vilivyotokana na mbegu iliyoletwa. Anachofunga leo ni kipande cha kipande cha kipande, miaka 35, mmea ule ule mmoja. Haujawahi kupata mtoto wa kufanana na bahari ya sasa. Profesa Keto Mshigeni na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndio waliotufungulia njia hii, na zamani kabla ya mashamba watu wetu walikuwa wanaokota mwani pori na kuusafirisha. Ule mwani pori wa huku, uliozaliwa kwenye joto letu, upo bado. Pesa ya kuutafuta na kuufuga ndiyo inayokosekana, kwa sababu haina kitu cha kukata utepe.

Maji marefu yana mantiki. Mahali ambapo hata bamvua likikupwa inabaki mita mbili, joto halirukiruki. Dkt. Flower Msuya amejaribu huko neti ndefu zenye umbo la bomba ili kotonii isikatwe na mawimbi, na kotonii ilikua. Kwa hiyo bwana samaki hakubuni. Sayansi ipo. Suala la nani ajue kuogelea halimo kwenye sayansi hiyo, ni kweli.

Na kwa zile habari ulizozisikia kwenye daladala, kumbuka pia Aprili mwaka jana ilitangazwa kuwa matumbawe ya dunia yanapauka kwa pamoja, mara ya nne tangu watu waanze kurekodi. Sisi tuliokuwa tunazamia mwaka huo hatukuhitaji tangazo. Kuna mahali nilizamia nikadhani nimepotea, kila kitu cheupe kama makaburi yaliyopakwa chokaa.

---

Mpima_Mizani
Jumatatu, 17 Februari, saa 1:20 asubuhi

Asalaam. Mie nimepima mwani kwa niaba ya mnunuzi miaka tisa, upande wa kusini. Sasa nimeacha, nauza vifaa vya ujenzi, kwa hiyo naweza kusema.

Wazee wangu wa pwani wanadhani bei inapangwa na yule aliyesimama na mizani. Mie niliyesimama na mizani nilikuwa naletewa bei kwenye simu kama wao. Indonesia na Ufilipino ndiko mwani wa aina hizi unakotoka kwa wingi duniani. Wakivuna vizuri kule, huku kwetu bei inalala. Wakipigwa na tufani, huku kwetu mtu anajenga choo. Mwani wetu ni tone.

Kotonii ina bei zaidi ya mara mbili ya spinosamu kwa sababu ute wake ukipikwa unaganda imara, viwanda vya vyakula vinautaka. Wa spinosamu unaganda laini, unaingia kwenye dawa ya mswaki na vitu vya namna hiyo. Huo ndio ukweli wa bei, hakuna uchawi. Lakini kilo moja kavu inataka kama kilo saba mbichi, na mama anayevuna mapema kwa kuogopa usife, hajasubiri wiki sita, mwani wake una maji mengi na ute kidogo. Tulikuwa tunamkata bei kwa hilo. Anakatwa kwa joto mara mbili: kwanza kwa kilo, pili kwa ubora. Nilikuwa naiona, nikiandika tu.

Ushauri wangu kuhusu mkopo: ulizia nani kaahidi kununua kotonii, na kwa maandishi. Boti inakopeshwa kwa bei ya leo. Mwani utauzwa kwa bei ya Indonesia ya mwezi wa nane.

---

Bint_Micheweni
Jumatatu, saa 4:48 asubuhi

Mwalimu weye, nakujibu mie ambaye nimo majini mwaka wa pili. Sie huku Pemba ndio tunaotoa mwani mwingi kuliko nyinyi, ila nyinyi mnapigwa picha zaidi kwa sababu ya watalii. Haya tuyaache.

Kikundi chetu tulikuwa kumi, wanawake wanane na wanaume wawili. Wanaume waliingizwa kwa sababu "boti inataka nguvu". Mwezi wa kwanza boti ilikuwa yetu sote. Mwezi wa tatu ilikuwa inakwenda kuvua usiku na asubuhi tunaikuta ina magamba ya samaki na haina mafuta. Tulipouliza tukaambiwa mwani si kazi ya kila siku, boti ikae bure? Kwenda kutazama karatasi, kumbe jina la mdhamini ni la mmoja wao, na kadi ya mashine iko kwake. Deni lilikuwa letu sote. Basi swali la kwanza mama yako aulize jina litakaloandikwa kwenye kadi, kabla ya kuuliza joto wala kotonii.

Jaketi za kuokolea tulipewa kumi. Zilikaa ofisini kwa mwenyekiti "zisichafuke". Nilizidai mie mwenyewe kwa mdomo wangu huu. Tulipozipata zikawa za vipimo vya wanaume, ukiivaa juu ya baibui inakupanda hadi masikioni, huwezi kuinama kufunga taitai. Tukakata mikanda tukashona upya kwa cherehani. Hilo halimo kwenye ripoti, lakini ndilo lililotufikisha majini.

Kuogelea tulijifunza. Naomba msicheke. Mama wa miaka hamsini na mbili, kashikilia madumu mawili matupu ya mafuta ya kupikia, anapiga miguu kwenye maji ya kiunoni alfajiri kabla wanaume hawajaamka. Ilituchukua mabamvua matatu. Sasa nikianguka botini siwezi kufika Wete, lakini nafika kwenye kamba.

Faida? Kusi iliyopita kotonii ilikubali. Mavuno mawili mazuri, nilishika pesa ambayo spinosamu haijawahi kunipa. Upepo wa kusi ulitukatia kamba mbili ndefu, tukazifuata hadi karibu na Kojani, moja tukaipata. Kisha kaskazi imeingia, joto la huko kwenye maji marefu si baya, kweli kijana wa Buyu hasemi uongo, lakini chafi. Chafi wametukuta. Huku pwani wanakula kilichoanguka, kule wanapanda mezani wenyewe. Kwenye neti wanakula kidogo kuliko kwenye kamba, ila neti ikichakaa hakuna inakouzwa hapa kwetu, tulizopewa zililetwa na mradi na mradi umekwisha.

Ningerudia? Ningerudia. Kwa mkopo, hapana. Tena hapana.

---

Mzee_wa_Matrah
Jumatatu, saa 8:15 mchana

Nasoma niko Muscat, mapumziko ya chakula. Yule abiria wa daladala aliyesema hatuna viwanda, anasema kweli na hapo ndipo panapouma. Mie mshahara wangu unatokana na mafuta ya petroli, kwa njia moja au nyengine kila mtu hapa ndivyo. Kila mwisho wa mwezi namtumia dada yangu Makunduchi pesa ananunua kamba na taitai za mwani unaokufa kwa joto. Nikiifikiria sana duara hii silali, kwa hiyo siifikirii sana.

Mwalimu, mama yako asisaini kwa kuogopa kuachwa. Sie tuliondoka kwa kuogopa kuachwa.

---

KiteHuruPaje
Jumatatu, saa 11:30 jioni

Sawa nimeelewa kuhusu Pemba. Lakini maji ya hoteli bado sijayasamehe.

---

Mwalimu_Jambiani
Jumapili, 23 Februari, saa 2:50 usiku

Nawashukuru nyote. Nimekaa kimya wiki nzima kwa sababu ya mitihani, na kwa sababu nilitaka kwanza nikamsomee mama majibu yenu. Nimemsomea jana, yote, yeye akipara nazi. Niwape taarifa.

Kijana wa Buyu, nimefuata uliyosema. Jana maji yalikuwa mafu kwa hiyo hayakukupwa sana, kamba zilibaki na maji ya kifuani. Nikapima alfajiri nikapata 28 na nusu, mchana 30. Mahali pale pale ambapo wiki iliyotangulia nilipata 33. Yaani siku za maji mafu mwani unapumua, siku za bamvua, ndizo mama anazoweza kuufikia, ndizo unazochemka. Nilipomwonyesha daftari akaniuliza kwa nini nimepoteza nauli ya daladala kwenda kujua hilo. Anasema kamba za ukingoni mwa mkondo huwa hazioti mvi, kila mkulima wa Jambiani anajua, ila kule zinafikika siku tatu nne tu za bamvua kubwa na mtu mfupi hazifiki kabisa. Mama ni mfupi.

KiteHuru, nilikwenda hadi kwenye lile bomba la maji machafu ya hoteli unalolijua. Linanuka. Kamba za karibu nalo zina magugu ya kijani kama manyoya, na mama mmoja pale ana vipele mikononi. Huo ni ugomvi wa kweli na nitauandikia pekee yake. Ila kamba za mama ziko mbali nalo, upande ambao mkondo unakotoka, na zimekufa vile vile.

Nilimweleza mama mambo ya mkutano wa tabianchi wa Baku pia, maana alikuwa anataka kujua hao wanaosema "kina mama wasiachwe nyuma" wanapata wapi pesa. Nikamwambia Novemba iliyopita mataifa yalikutana Baku yakakubaliana nchi tajiri ziongoze kutafuta dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, kwa ajili ya nchi kama zetu kupambana na tabianchi. Nikamwambia na ule mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Misri 2022. Akaacha kupara nazi.

"Hizo bilioni wanatoa au wanakopesha?"

Nikamwambia nyengine wanatoa, nyengine ni mikopo, nyengine ni pesa za makampuni, yote imehesabiwa pamoja.

"Basi na boti ndiyo hiyo hiyo," akasema, akaendelea na nazi yake.

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kwa nusu saa. Mtu ambaye hakuwahi kuwasha kiwanda, amepikia kuni na vifuu maisha yake yote, bahari imepashwa moto na wengine, na sasa anakopeshwa chombo cha kuukimbia moto huo, kwa riba. Mie ndiye niliyesoma na bado sikuwa nimeliona kwa ufupi huo. Nilikuwa nimeshughulika na nyuzi.

Kwa hiyo Alkhamisi walikwenda kwa sheha, yeye na wenzake sita. Bint Micheweni, suala lako la jina la kadi mama aliliuliza la kwanza kabisa, hata salamu hazijapoa. Bwana samaki alisema hilo litaangaliwa baadaye. Wakauliza la mnunuzi wa kotonii kwa maandishi, kama alivyosema Mpima Mizani. Nalo litaangaliwa baadaye. Wakauliza jaketi. Jaketi zipo, wakaambiwa, ziko stoo. Hapo mama anasema wote walitazamana wakacheka, na bwana samaki hakujua wanacheka nini. Si mtu mbaya, nimsemee. Ni kijana, katumwa na karatasi ambayo hakuiandika yeye, na alikuwa wa kwanza kukubali kuwa alichonacho ni mkopo tu.

Wamekataa kusaini. Wamesema waletewe neti chache bila boti, wajaribu ukingoni mwa mkondo ambako wanafika kwa miguu na kwa ngalawa ya mtoto wa mmoja wao, mwaka mmoja, halafu ndio waongee mkopo. Ameandika kwenye daftari lake. Litafika wapi daftari hilo, Allah ndiye ajuaye.

Kuna moja mama kanituma. Bint Micheweni, anauliza yale madumu ya kujifunzia kuogelea ni ya lita ngapi. Nimemwambia labda ya lita tano. Anasema ya tano yatamzamisha, yeye si mwepesi, niulize kama ya lita kumi yanafaa na kama mlifunga mfuniko kwa kitu chochote ili maji yasiingie. Bamvua linakuja na mwezi mwandamo, Ramadhani itakuwa imeingia, na wanataka kuanza kabla ya funga.

---

Bint_Micheweni
Jumapili, saa 4:02 usiku

Ya kumi. Mfuniko mlainishie kwa mshumaa ulioyeyushwa halafu ukaze. Na mwambie avae suruali ndani, khanga itamfunga miguu.